Anayekunywa Kwanza

Nyumbani kwetu, mtaa wa Kasuku mjini Kindu, kichwa cha samaki ni cha mama. Hakuna aliyewahi kuitangaza amri hiyo, lakini marehemu baba aliiheshimu mpaka mwisho, na mimi nimeiheshimu tangu nilipojua kushika tonge. Siku ya kwanza ya staji yangu, mafunzo ya kazi niliyopangiwa gerezani, saa nne asubuhi, mama alifunua bakuli alilolibeba kutoka nyumbani, akakitoa kichwa kile kwa vidole vyake mwenyewe, akakiweka juu ya wali wa msichana nisiyemfahamu. Hakumuuliza kama anakitaka. Msichana naye hakushukuru. Alikipokea kama mtu anayepokea kilicho chake, akaanza kufyonza mifupa huku akimsimulia mama habari za mfungwa aliyeamka na homa.

“Uyu njo Safi,” mama aliniambia alipokumbuka kuwa nipo. “Safi, uyu njo Josiane, mutoto wangu.”

“Ninamujua,” alisema Safi. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akarudi kwa samaki wake. Mimi nilipewa mkia.

Nilikuwa mwaka wa nne wa famasia. Chuo kilitutaka tufanye staji ya wiki nane wakati wa likizo kubwa, na wenzangu wakawahi nafasi za hospitalini na kwenye maduka ya dawa yenye feni. Mimi nilichelewa kupeleka barua, ikabaki dispansari ya gereza dogo la ng’ambo ya Lualaba, ambako mama yangu Jeannette alikuwa muuguzi mkuu kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Kwa kuwa mama hawezi kumpa mwanawe alama, chuo kilimteua mfamasia wa serikali, Bwana Célestin, awe anakuja kila Alhamisi kunikagua. Wenzangu walinihurumia bure. Moyoni nilikuwa nimefurahi. Tangu utoto wangu mama aliondoka alfajiri kuvuka mto na kurudi jua linazama, amechoka, hana la kusema zaidi ya kuuliza kama tumekula. Nilidhani safari hii nitamwona mahali anapomalizia nguvu zake zote, na pengine na mimi nitapata fungu langu.

Nilimwona kweli. Nilimwona akicheka. Mama yangu anacheka, tena anacheka mpaka anashika kiuno, na anayemchekesha ni msichana wa rika langu aliyevaa kitenge kilichopauka na kandambili zisizofanana. Safi aliishia darasa la sita. Hakuwa muuguzi, hakuwa askari, hakuwa mfungwa. Alifagia dispansari, akachemsha sindano za zamani ambazo mama hakutaka kuzitupa, na kwa namna ambayo hakuna aliyenieleza, ndiye aliyegawa dawa.

Ugawaji ulifanyika saa moja asubuhi, uani. Wagonjwa tisa wa kifua kikuu walijipanga, na mbele yao alisimama Anaclet, mchimbaji wa kasiteriti, mawe ya bati, kutoka Kalima, mtu mrefu aliyekwisha mwili, ambaye wafungwa wenzake walimchagua kuwa kapita wao. Dawa za ugonjwa ule lazima zimezwe mbele ya anayezitoa. Hilo nililijua kutoka darasani. Nisilolijua ni kile kilichotangulia. Safi alichota maji ya ndoo kwa kikombe cha plastiki, akanywa yeye kwanza, polepole, huku wanaume wale wote wakilitazama koo lake. Alipomaliza alikigeuza kikombe chini waone kuwa ni kitupu. Ndipo Anaclet aliposogea, akapokea vidonge vyake vyekundu, akavimeza kwa maji ya ndoo ileile na kwa kikombe kilekile, na wengine wakafuata.

Nilishikwa na kinyaa. Najua kifua kikuu husafiri kwa hewa na si kwa kikombe, lakini kuna maradhi mengine kumi yanayopenda kikombe kimoja cha watu kumi.

“Mama, kwa nini anakunywa yeye, na si mgonjwa?” nilimuuliza tuliporudi ndani.

“Njo desturi yao. Acha Safi afanye.”

Maneno hayo niliyasikia mpaka nikayachukia. Nilitaka kupanga dawa upya rafuni kwa herufi, kama tulivyofundishwa. Acha Safi afanye, anajua zinakaa wapi. Nilitaka kumpima homa mzee mmoja kwa kipimajoto changu kipya. Safi alikuwa ameshaweka mgongo wa mkono wake shingoni mwa mzee yule, na mama akawa ameshaandika. Nikatazama kipimajoto changu. Tofauti ilikuwa ndogo isiyo na maana yoyote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nilimwonea wivu. Sina neno jingine la kulipamba jambo hili. Niliuonea wivu mkono wake uliojua njia, niliwaonea wivu hata wafungwa walioitikia akiita. Nilipopata nafasi ya kumrekebisha mbele ya watu, niliitumia. Alipotamka jina la dawa kwa kusitasita, akifuata herufi kwa kidole, nilimtamkia upesi na kwa sauti kubwa. Aliinua macho, akasema, “Asante, Josiane,” bila kejeli yoyote, akalirudia jina lile vizuri. Niliona haya, na haya ile ikanifanya nimchukie zaidi.

Aliyenivunja kabisa ni Baba Abdallah, askari magereza mzee aliyelinda lango. Ilikuwa wiki ya nne. Mama alikuwa amekwenda kutafuta mtumbwi wa kuturudisha Kasuku, nami nikawa nimekaa na mzee yule kivulini, nikajifanya nauliza tu.

“Uyu Safi ni wa nani, baba?”

“Ni wangu. Miye na marehemu muke wangu njo tulimulea.” Alinitupia jicho. “Lakini maziwa ni ya kwenu. Mama yako hakukwambia?”

Nilitikisa kichwa. 

“Wakati wa vita kulikuwa mwanamuke mumoja humu ndani, amefungwa na wale waliokuwa wanashika muji. Alizaa siku ya Ijumaa, Jumamosi akakufa. Mama yako alikuwa na maziwa yanajaa, weye ulikuwa umepelekwa Tunda, kijijini, kwa nyanya yako. Akamupa uyu mutoto. Ni ndugu yako wa kunyonya. Kwetu sisi Waislamu, ule si undugu wa muchezo.”

Hadithi ya Tunda niliijua nusu. Mwaka wa pili wa vita, nikiwa na miezi saba, ilisemekana mji utapigwa, na nyanya akanibeba kwenda naye kijijini kwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa miaka minne, kwa sababu treni ilisimama na barabara ikawa ya wenye bunduki. Nilikua nikimwita nyanya mama. Nilinyweshwa uji wa mchele na maji ya miwa, na nyanya alipenda kusimulia jinsi nilivyolia usiku wa kwanza nikitafuta ziwa kwenye kifua chake kikavu. Sikuwahi kumwuliza mtu yeyote maziwa yangu yalikwenda wapi. Nani huuliza swali kama hilo? Sasa nilijua. Yalikaa ng’ambo ya mto, yamevaa kandambili zisizofanana, yanafyonza kichwa cha samaki.

Sikumwambia mama kitu. Tulivuka mto tumeketi bega kwa bega, akaniuliza kama kichwa kinaniuma, nikamwambia ni jua.

Usiku ule nilikuwa na kazi ya kuandika ripoti ya nusu ya staji. Chuo kilitaka tueleze jinsi dawa zinavyogawiwa, na nani anazigawa. Niliandika: “Dawa za kifua kikuu hugawiwa na mtu asiye na cheti wala mafunzo yoyote. Mgawaji hunywa kwa kikombe kimoja na wagonjwa wote.” Nilisoma sentensi zile mara tatu. Zilikuwa kweli tupu, hata hakimu asingepata pa kuzipinga. Nilijua pia zitafanya nini, na nilijua kwamba kama Safi angekuwa mzee mwenye mvi, au kama mama angekuwa ananichekea mimi, nisingeziandika.

Alhamisi Bwana Célestin alikuja, akasoma ripoti amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akamwita mama pembeni, nami nikasikia kila neno kwa sababu nilitaka kusikia.

“Mama Jeannette, nakuheshimu. Lakini mutu akikufa hapa, wataniuliza nani alimupa dawa, na nitajibu nini? Kuanzia kesho, yule binti asiguse dawa. Asiingie hata uani wakati wa kugawa. Tuko na stajieri, atagawa yeye.”

“Hawatakunywa,” mama alisema.

“Watakunywa. Ni wagonjwa.”

Mama hakunitazama. Alikwenda kumtafuta Safi jikoni kwa walinzi, na alipotoka huko macho yake yalikuwa mekundu. Safi alipita mbele yangu amebeba kifurushi chake kidogo. Dispansari ile ilikuwa kazi yake, na kabla ya kuwa kazi ilikuwa nyumba aliyojifunzia kutambaa. Alikuwa anafukuzwa mahali pekee palipomjua.  Nilitazamia nifurahi, na kusema kweli nilifurahi, mpaka tulipofika katikati ya mto.

Ijumaa asubuhi niliweka meza yangu. Nilikuwa nimeleta vikombe tisa kutoka nyumbani, kila kimoja na jina la mgonjwa. Koti langu jeupe lilikuwa limepigwa pasi. Anaclet aliangalia vikombe, akaangalia lango, akaniangalia mimi.

“Safi iko wapi?”

“Hatakuja,” nilisema. “Kuanzia leo ni mimi.”

“Ni mugonjwa?”

“Hatakuja tu, kapita.”

Alipokea vidonge, akatia mdomoni, akanywa maji, akafungua mdomo nikaona ulimi. Wote tisa walifanya hivyohivyo, bila ubishi. Nilitia alama kwenye kadi zao kwa wino wa bluu. Jumamosi hivyohivyo, Jumapili hivyohivyo. Nilimwambia mama, kwa sauti ambayo leo ningependa kuisahau, kwamba haikuwa lazima mtu anywe kwanza. Mama alikuwa anakunja bandeji. Alisema, “Angalia mukojo wao.”

Dawa ile ina hila moja ambayo mgonjwa hawezi kuificha: huugeuza mkojo wake kuwa wa rangi ya chungwa, saa chache tu baada ya kumezwa. Jumatatu niligawa makopo. Yalirudi yote tisa, nikayapanga dirishani kwenye mwanga. Hakukuwa na chungwa hata moja. Ulikuwa mkojo wa watu wasiokunywa dawa yoyote, na baadhi yao walikuwa wamebakiza mwezi mmoja tu kupona.

Nilijua maana yake kuliko mtu mwingine yeyote mle ndani, kwa kuwa nilikuwa nimeifanyia mtihani. Ugonjwa ukiachiwa katikati ya tiba hujifunza kuishi na dawa, na ukishajifunza, dawa ya kuutoa haipatikani Kindu. Nilimfuata Anaclet alikokuwa ameegemea ukuta akiota jua. Aliingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akanifungulia. Vidonge vyao vilikuwemo vyote, vimelowana kidogo mashavuni mwao na kukauka tena.

“Hatukutupa,” alisema. “Dawa si kitu cha kutupa. Tulikuwa tunangojea habari.”

“Habari gani?”

“Docta, tulimuona Safi akikunywa ile maji Alhamisi. Ijumaa hakuonekana. Jumamosi hakuonekana. Weye unasema hatakuja tu, na mama yako macho yake ni mekundu. Unataka tuwaze nini?” Alikohoa, akafuta mdomo. “Tunajua amekufa. Tunaomba tu mutuambie amezikwa wapi.”

Nilimwapia kuwa Safi yu hai, hakuniamini. Nilikuwa nimeandika ripoti ya kurasa kumi na mbili juu ya watu hawa, na sikuwa nimewauliza wao hata mara moja kwa nini wanatazama koo la msichana kila asubuhi.

Jioni ile nilimwuliza mama. Alikuwa anasonga ugali, ameinama juu ya sufuria, na nadhani ilimsaidia kuwa na kitu cha kutazama.

“Wakati wa vita,” alisema, “wale waliokuwa wanashika muji walileta dawa kwa mutumbwi. Wakanipa, nikagawa. Siku ya pili watu watano walikufa. Mupaka leo sijui kama ilikuwa dawa, ama maji, ama njaa. Lakini niliwapa kwa huu mukono. Toka siku ile hakuna muntu alikubali kidonge changu. Malaria ilikuwa inawamaliza, dawa nzuri iko ndani ya sanduku, na hawataki.”

“Ukafanya nini?”

“Nikakunywa mbele yao. Wakasema, weye ni wa kwao, wamekupa kinga.” Aligeuza mwiko. “Safi alikuwa mugongoni. Alikuwa na miezi kama nane, meno yanaota. Nikamutoa mugongoni, nikamupa maji ya ile kikombe. Nikasimama naye pale kwa jua, wakamuangalia. Wakangojea. Aliposhinda muzima, wakasema, muntu hawezi kuua mutoto anayemunyonyesha. Wakakunywa. Kesho yake tena. Alipojua kutembea, akawa anakuja mwenyewe na kikombe.”

Samaki wangu wote, vicheko vyote, maziwa yote niliyokuwa nikiyapigania moyoni kwa zaidi ya wiki nne, vilipoteza maana. Nilimtazama mama yangu. Mikono ile niliyoililia ilimshika mtoto mchanga ikamfanya kipimo cha sumu.

“Ulijua maji ni salama?”

“Niliyachemusha. Nilikuwa najua nusu.”

“Na kama ningekuwa mimi mgongoni?”

Mwiko ulisimama, kisha ukaendelea.

“Weye ulikuwa Tunda,” mama alisema, akapakua.

Jumanne tulivuka mapema. Mama alimtuma Baba Abdallah akamlete Safi asimame langoni, upande wa nje wa kamba inayotenga ua, pasipokatazwa na amri ya Bwana Célestin, ili wanaume wamwone. Alikuja amejifunga kitenge kilekile. Watu tisa walimtazama toka kichwani hadi miguuni, na mmoja wao, kijeba mmoja mwenye kovu usoni ambaye sikuwahi kumwona akionyesha hisia yoyote, alikaa chini ghafla na kujifunika uso. Safi aliwapungia mkono.

“Tumemuona,” Anaclet alisema. “Iko muzima. Mungu asifiwe. Sasa nani atakunywa?”

“Mimi,” nikasema.

Alifikiri kidogo. “Sawa. Weye ni mutoto wa tumbo lake. Lakini akupe yeye, kwa mukono wake. Ilikuwa hivyo toka mwanzo.”

Sikuwa na woga wowote. Mama alikuwa ametia dawa ya kusafisha maji ndooni mwenyewe, nilimwona. Alichota. Alinigeukia akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na hapo akakitazama ndani. Alikiinua kidogo kwenye mwanga. Akakinusa. Kisha mbele yetu sote mama yangu aliyamwaga maji yale chini, akasema, “Ngoja kwanza,” akaenda upesi dispansari, akarudi na chupa ya maji ya kuchemsha tuliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaanza kunijazia kikombe kutoka mle.

Sidhani alijua anafanya nini. Ndivyo ninavyoamini mpaka leo. Mkono ulifanya peke yake, kama unavyomvuta mtoto mbali na moto. Lakini uani wote walikuwa wameona. Anaclet alirudi nyuma hatua moja, na mstari wote ukarudi pamoja naye. Wao na waliowatangulia walikuwa wameona asubuhi baada ya asubuhi, miaka kwa miaka, kwa masika na kwa kiangazi, hata mwaka ule wa kipindupindu, msichana mwingine akinywa maji ya ndoo. Na mama huyuhuyu hakuwahi hata siku moja kuyanusa.

Sikumtazama Anaclet. Nilimtazama Safi. Alikuwa bado ameshika kamba ya langoni, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye doa la maji lililokuwa linakauka chini. Uso wake haukubadilika. Ni kidole gumba chake tu kilichokuwa kikisugua kamba, kinakwenda na kurudi.

Nilichokuwa nikikitafuta tangu siku ile ya samaki nilikuwa nimekipata, tena mbele ya mashahidi. Mtoto aliyependwa nilikuwa mimi. Siku zote nilikuwa mimi. Ningetoa chochote ili Safi asiwe amekiona.

Nilimpokonya mama kikombe, nikamwaga maji ya chupa, nikajichotea ndooni. Yalikuwa na ladha ya dawa na ya chuma. Niliyanywa yote polepole, wakanitazama koo. Nikachota tena, nikanywa tena, mpaka tumbo likauma. Nikageuza kikombe. Mama alikuwa amesimama kando, mikono imemlegea, hajui aiweke wapi.

Walingoja. Jua lilipanda juu ya ukuta, likatufikia miguuni, likatufikia magotini. Hakuna aliyeniambia niketi. Hatimaye Anaclet alikuja, akanikagua macho kama ninavyomkagua mimi, akanyoosha kiganja.

Ilipofika saa sita nilipima mkojo wao. Sikuwa na haja ya kuupeleka dirishani.

Nilimkuta Safi ufukweni, mahali mitumbwi inapofungwa, anafua. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nilimwambia kuhusu ripoti, kwamba ni mimi niliyeandika, kwamba nilijua nafanya nini. Nilimwambia nitamwandikia Bwana Célestin barua nyingine, nitaomba apelekwe mafunzo ya msaidizi wa dawa, nitamfundisha mwenyewe kama wakikataa. Nilisema mengi. Yeye alikamua nguo, akaitandaza juu ya jiwe, akachukua nyingine.

“Na kuhusu mama,” nikasema, “leo asubuhi, yale maji…”

“Miye nilikuwa najua,” Safi alisema.

“Ulijua nini?”

“Yote. Toka zamani, si leo.” Alikaa juu ya visigino, mikono yake yenye povu ikining’inia katikati ya magoti. “Wakati alikuwa ananinyonyesha, alikuwa analia, anakuita. Josiane, Josiane, kila siku. Miye sikuwa na mama mwingine, sikusikia jina lingine kwa sikio langu. Baba Abdallah aliponiita Safi, nilikuwa siitiki. Nilizani ni muntu mwingine.”

Mtumbwi wa injini ulipita katikati ya mto ukielekea Kasuku, na mawimbi yake yakaja mpaka kwenye nguo zake. Alizivuta juu.

“Siku vita iliisha, walikuleta kutoka Tunda. Watu walikuja mbio kwa dispansari, wanasema, Jeannette, furahi, Josiane amefika. Mama akatoka mbio. Miye nikasimama pale kwa mulango, nikawaambia: lakini miye niko hapa.”

Aliinama tena juu ya karai. Nilivua koti langu, nikakunja mikono ya gauni, nikashika ncha ya pili ya shuka aliyokuwa anaikamua. Tulikamua kila mmoja upande wake, na maji yakaanguka mchangani katikati yetu.